Bekapu ya kampuni ya hostingi inatosha, au najidanganya?

mwalimu_fizikia (Iringa)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina tovuti ya kuuza notisi na mitihani ya majaribio ya kidato cha nne na cha sita, fizikia na hesabu. Mwanafunzi analipa kwa simu, mfumo unamfungulia masomo aliyolipia. Databesi haizidi GB 2. PDF na video fupi ninazorekodi ubaoni ni kama GB 60. Vyote viko kwenye VPS moja (seva ya kukodi mtandaoni) niliyokodi kwa kampuni ya hapa nchini, na seva yenyewe nadhani iko Ulaya.

Mwezi uliopita tovuti ilizimika siku nzima na nusu. Baadaye kampuni ikatuma barua pepe ya mistari miwili: "matengenezo ya dharura". Iliporudi kila kitu kilikuwepo, nashukuru. Ila kuna mzazi alinipigia kutoka Njombe kuuliza kama nimekimbia na hela za watoto. Nilikosa la kumjibu, maana mimi mwenyewe sikujua tovuti itarudi lini wala kama itarudi.

Kwenye kifurushi changu wameandika "bekapu ya kila siku bila malipo". Nikawauliza inahifadhiwa wapi. Jibu: "Data yako iko salama, mwalimu."

Hiyo inatosha? Mpwa wangu anasema niweke kila kitu Google Drive kwenye laptop niachane na mawazo. Nina uwezo wa kuongeza shilingi 30,000 kwa mwezi, si zaidi. Mimi si mtaalamu wa programu, lakini nikiandikiwa amri naiweza. Nyumbani natumia bando la simu. Shuleni kuna faiba inayochoka mchana. Na mitihani ya NECTA ya kidato cha nne iko Novemba, kwa hiyo Septemba hadi Novemba ndiyo miezi inayonilisha.

---

kijana_wa_posta (Dar)

Mwalimu usijipe presha. Nunua nafasi Google One, weka Drive kwenye laptop, kila Ijumaa shusha mafaili yako. Kazi imeisha. Hao wa hostingi nao wana bekapu yao, kwa hiyo una mbili. Watu tunapenda kujitungia matatizo.

---

fundi_seva (Tanga)

Mwalimu, marahaba kama nimekuzidi umri, na shikamoo kama umenizidi.

Hilo jibu la "data yako iko salama" mimi lingeninyima usingizi. Warudie kwa maswali matatu. Bekapu iko jengo lilelile na seva au jingine? Naweza kuipakua mwenyewe bila kuwaomba? Akaunti yangu ikifungwa leo, bekapu inakaa siku ngapi kabla ya kufutwa? Wakijibu hapana kwenye la pili, hayo mengine hata usiyasubiri. Bekapu usiyoweza kuishika ni mali yao, wewe unaazimwa.

Naanza na jengo kwa sababu hili limeshatokea, tena kwa wakubwa. Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021, jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni kubwa ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea lote. Ghorofa tano za seva. Jirani yake SBG1 likaungua sehemu, na mengine mawili ya eneo hilo yakazimwa. Netcraft, kampuni inayofuatilia tovuti duniani, walihesabu tovuti milioni 3.6 zilizotoka hewani. Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliandika Twitter akiwashauri wateja waanze kutekeleza mipango yao ya kujiokoa na majanga. Mipango yao wateja, siyo ya kampuni. Wengine ndipo walipogundua hawana mpango. Watengenezaji wa mchezo wa Rust walitangaza kwamba seva zao 25 za Ulaya zimeungua na data hairudi. Na wapo waliokuwa wamelipia bekapu kabisa, ikaonekana bekapu ilikuwa ndani ya jengo lilelile. Mmoja wao alikwenda mahakama ya biashara ya Lille, na mwaka 2023 akashinda. Alishinda fidia, mwalimu. Mafaili hayakurudi kwa hukumu.

Ukisema hao ni kampuni binafsi walibana matumizi, basi sikiliza ya serikali. Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini kilichoko Daejeon kiliwaka moto wakati betri za lithiamu zinahamishwa. Ghala la mafaili ya watumishi wa umma, linaitwa G-Drive, lenye TB 858, lilipotea kwa sababu halikuwa na nakala nje ya hapo. Sababu waliyotoa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Korea hao, watu wa Samsung! Wewe mwenye GB 62 huna udhuru.

Baada ya kusema hayo yote, nikuambie ukweli wa kazini: moto si adui yako wa kwanza. Kwa wateja wadogo ninaowahudumia, kinachoua tovuti mara nyingi ni kadi. Mtu analipia VPS kwa kadi ya mtandaoni aliyoifungua kwenye simu, salio linaisha au kadi inafika mwisho wa muda, kampuni inajaribu kukata inashindwa, inatuma onyo, halafu inasimamisha akaunti, halafu inafuta. Na onyo linakwenda wapi? Kwenye barua pepe ya `info@` ya tovuti hiyohiyo ambayo imeshasimamishwa. Kwa hiyo leo, kabla hujafanya jingine lolote, badilisha barua pepe ya akaunti ya hostingi na ya usajili wa jina la tovuti iwe nje ya tovuti yako. Hilo ni bure na ni la dakika chache.

Adui wa pili ni mikono. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alikuwa amechoka usiku, akafuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo. GB 300 hivi, alipostuka zimebaki kama GB 4.5. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala na hakuna iliyowafaa kama walivyoipanga. Ile ya kila siku ya kupeleka databesi kwenye ghala la Amazon ilikuwa inashindwa kimyakimya, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2 na databesi ilikuwa 9.6. Barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa nazo zilikataliwa na mfumo wa barua, hazikumfikia mtu. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza data ya saa sita hivi. Ninawaheshimu GitLab kwa jambo moja: walieleza kila kitu hadharani, na hata kazi ya kurejesha waliionyesha moja kwa moja YouTube. Ile taarifa yao nawasomesha vijana wote wanaokuja kwangu kujifunza.

Sasa Drive. Kijana wa Posta, sina ugomvi na wewe, ila Drive ya kwenye laptop inafanya kazi ya kulinganisha. Ukifuta faili hapa, linafutwa kule. Likiharibika hapa, linapanda likiwa limeharibika. Pipa la taka la Drive linashikilia siku 30 tu. Virusi wale wanaofunga mafaili na kudai fidia wakiingia kwenye laptop, Drive itapandisha mafaili yaliyofungwa kwa utiifu mkubwa. Na "kila Ijumaa shusha" maana yake wiki ya mtihani mwalimu hatashusha, maana atakuwa anasahihisha.

Halafu kuna hesabu ambayo mwalimu wa fizikia ataipenda. GB 60 kwa laini ya kupandisha ya Mbps 10 ni biti bilioni 480 kugawa kwa milioni 10 kwa sekunde: sekunde 48,000. Saa 13 na dakika 20, kama laini haijatikisika hata mara moja. Kwa bando la simu usijaribu. Data isipite kwako kabisa. Itoke seva iende ghala la mtandaoni moja kwa moja, hizo laini zao zinamaliza kazi hiyo wewe hujapata chai.

Ninachokushauri:

Fungua akaunti ya ghala la data kwa kampuni tofauti na ya VPS yako, nchi nyingine ikiwezekana. Tafuta wanaotoza kwa GB unazotumia. Soma vizuri masharti, wengine wanakutoza TB 1 nzima hata ukiweka GB 5, na wengine kuweka ni rahisi ila wanakukamua siku ya kupakua. Kwa bei za sasa GB 62 kwa wale wa bei nafuu wanaotoza kwa GB haifiki dola 1 kwa mwezi. Elfu thelathini yako utabaki nayo karibu yote, na hiyo ndiyo itakayolipia majaribio.

Kwenye seva weka programu inaitwa restic, ni ya bure. Inasimba data (inaifunga isisomeke bila nywila) kabla haijatoka, na baada ya mara ya kwanza inapeleka mabadiliko tu. Databesi usinakili folda yake wakati inafanya kazi, utapata mchanganyiko usiofunguka. Tumia amri ya `mysqldump --single-transaction`, weka faili lake kwenye folda, ndipo restic ichukue folda hiyo pamoja na mafaili ya tovuti na mipangilio ya seva. Hiyo mipangilio watu wanaisahau. Unarudisha databesi na PDF zote, kisha unakaa siku mbili unakumbuka uliwekaje cheti cha tovuti na ile njia ya kupokea taarifa za malipo.

Ufunguo unaouweka kwenye seva uwe wa kuandika na kusoma tu, usiwe na ruhusa ya kufuta. Mwaka 2014 kampuni moja ya kuhifadhi misimbo ya programu, Code Spaces, iliingiliwa kwenye paneli yake ya Amazon; mvamizi alidai pesa, walipojaribu kumfungia akafuta seva na bekapu, maana vyote vilikuwa chini ya akaunti moja. Walifunga biashara. Kufuta nakala za zamani ufanye mwenyewe kwa ufunguo mwingine, ukiwa umekaa.

Mwisho nunua diski ya nje ya TB 1, kaa nayo shuleni. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, nyote mnakumbuka intaneti ilivyokuwa. Siku kama ile bekapu yako ya Ulaya ipo na huifikii. Ukiwa na nakala kwenye diski, angalau wanafunzi wa shule yako wanasoma kwa mtandao wa ndani.

---

kijana_wa_posta (Dar)

Sawa fundi, hapo kwenye kufuta umenikamata. Nimekwenda kuangalia pipa langu la Drive sasa hivi, kuna folda ya picha za harusi ya dada yangu sijui iliingiaje humo. Nimeirudisha. Naendelea kusoma.

---

mhasibu_eldoret

Hamjambo. Mimi si mtu wa seva, nafanya mahesabu ya biashara ndogo za mtandaoni, mbili kati yake ni za masomo kama yako mwalimu. Niongeze yale fundi ameyapita mbio.

Swali la kwanza si bekapu mara ngapi. Ni: ukipoteza kazi ya saa kadhaa, ni nini hasa hakirudi? PDF zako hazibadiliki, ukizinakili mara moja kwa siku inatosha sana. Kinachobadilika kila dakika ni nani amelipa. Tuseme nakala ilipigwa usiku na seva ikafa saa kumi jioni. Wanafunzi wote waliolipa mchana huo wamepotea kwenye databesi, lakini hela zao zimeingia kwako. Hao ndio watakaosema umewaibia, na watakuwa na haki.

Bahati nzuri malipo ya simu yana kumbukumbu mahali pa pili: taarifa ya akaunti yako ya biashara kwa kampuni ya simu. Kwa hiyo hakikisha kila malipo kwenye databesi yako yana ile namba ya muamala, na namba ya simu ya mlipaji. Siku ya kurejesha unapakua taarifa ya siku hiyo, unalinganisha namba za miamala, zile ambazo hazimo unaziingiza. Mteja wangu mmoja alikuwa anahifadhi jina na kiasi peke yake. Kulikuwa na kina Brian watatu waliolipa kiasi kilekile siku ileile. Tuliyamaliza kwa kuwapigia mmoja mmoja.

Mimi ningenakili databesi kila saa miezi ya mtihani. GB 2 si kitu.

La pili ni sheria. Wanafunzi wako wengi ni watoto, na unashika majina, namba za simu, pengine shule wanazosoma. Sisi Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nyinyi mna ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Ukishaweka nakala Ulaya umezipeleka nje. Wasiliana na Tume yenu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ujue usajili wako unasemaje. Na ile diski ya shuleni ambayo fundi ameitaja kwa urahisi vile, isimbwe pia. Diski hupotea kuliko seva.

---

fundi_seva (Tanga)

Dada mhasibu umenishika, diski isimbwe. Ukiweka hifadhi ya restic kwenye diski hiyo inajisimba yenyewe, hakuna kazi ya ziada. Na la namba ya muamala naliiba, nitawaambia wateja wangu kama ni langu.

---

mwalimu_fizikia (Iringa)

Wakuu, asanteni sana. Nimefanya kazi wikendi nzima, mama watoto anauliza kama nimeajiriwa kwingine.

Kwanza kampuni ya hostingi imejibu yale maswali matatu. Bekapu iko "kwenye kituo kilekile cha data". Kuipakua mwenyewe haiwezekani, naandika tiketi. La akaunti kufungwa hawakulijibu, wamenitumia kiungo cha masharti, nayo yanasema jukumu la kutunza nakala ni la mteja. Liko wazi kabisa, aya ya kati huko chini.

Restic inafanya kazi. Ya kwanza ilikwenda usiku, zilizofuata zinamaliza haraka mno hadi nikadhani zimeshindwa. Barua pepe za akaunti zote nimezihamisha. Namba za miamala zilikuwepo tayari, Mungu mkubwa.

Yamebaki mawili. Restic imeniambia nikipoteza nywila hakuna wa kunisaidia. Nimeiandika kwenye simu. Inatosha? Na la pili, fundi ulisema pesa itakayobaki "italipia majaribio". Majaribio gani?

---

fundi_seva (Tanga)

Hongera mwalimu, wengi huishia kwenye "asanteni sana".

Nywila: restic haikutishi, hakuna kitufe cha "nimesahau". Kuwa nayo kwenye simu hakutoshi. Simu ikiibiwa stendi siku ileile seva imekufa, umebaki na GB 62 za fumbo. Iandike kwenye karatasi, pamoja na jina la ghala, ufunguo wa kuingia na jina la programu, weka kwenye bahasha, mpe mtu asiyeishi nyumba moja na wewe. Mkuu wa shule, kaka yako, yeyote unayemwamini na cheti cha kiwanja. Na angalia uthibitisho wa kuingia kwenye akaunti zako: kama unategemea ujumbe wa laini ya simu peke yake, laini ikifungwa unangoja nje kama wengine. Chukua zile namba za dharura wanazotoa, ziingie bahasha hiyohiyo.

Majaribio: kila baada ya miezi mitatu, na lazima moja liwe Agosti kabla ya msimu wako, kodi VPS mpya ya kulipia kwa saa, kwa kampuni nyingine. Chukua karatasi ya kwenye bahasha tu, usiangalie laptop yako. Weka restic, vuta nakala ya mwisho, ingiza databesi, washa tovuti kwenye anwani ya majaribio. Ila zima kwanza ile sehemu ya kupokea malipo na kutuma ujumbe mfupi, usije ukawatumia wanafunzi wote "karibu tena" saa nane usiku. Kisha usiseme "imewaka" ukaondoka. Linganisha idadi ya wanafunzi na ya tovuti halisi. Fungua PDF kadhaa za zamani na za jana. Ingia kama mwanafunzi aliyelipa, cheza video moja hadi mwisho. Pima muda tangu ulipoanza, huo muda ndio utakaomwambia mzazi wa Njombe. Ukimaliza ifute VPS yote, kuna majina ya watoto humo. Gharama yake haizidi dola chache.

Na jina kubwa la kampuni lisikudanganye. UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, Mei 2024 mfumo wao ndani ya Google Cloud ulifutwa kwa hitilafu ya upande wa Google wenyewe. Walikuwa wameuweka maeneo mawili kwa tahadhari, yakafutwa yote mawili kwa sababu usajili wa huduma ulikuwa mmoja. Nakala walizokuwa nazo kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia sana kuwarudisha, na hata hivyo ilichukua zaidi ya wiki. Kwa hiyo hawa wa hostingi yako siwasemi vibaya sana. Angalau masharti yao hayakukudanganya.

---

mwalimu_fizikia (Iringa)

Bahasha imekwenda kwa mkuu wa shule, ameiweka kwenye kabati la vyeti vya wanafunzi. Jaribio la kwanza nalifanya Jumamosi kwa faiba ya shule.

Swali dogo la mwisho: kwenye cron, ile ratiba ya seva ya kuendesha kazi zenyewe, nimeandika `0 0 * * *` nikitaka saa sita usiku, lakini nakala zinaonyesha zimepigwa saa tisa usiku. Seva inachelewa?

---

fundi_seva (Tanga)

Haichelewi. Seva iko kwenye saa za UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa sita usiku yake ni saa tisa usiku yako. Iache hapohapo, saa tisa hakuna mwanafunzi anayesoma. Ila ile ya kila saa ya databesi, andika `15 * * * *` isigongane na hii.

---

mhasibu_eldoret

Saa tisa wapo wanaosoma fundi, wiki ya mtihani wapo. Lakini hawalipi saa hiyo, kwa hiyo sawa.